Nani alitia sahihi? Uzi kuhusu ridhaa, mwili na majuto, kutoka Amagoro

Wadau, huu uzi ni mrefu. Weka chai kando kwanza.

Kila msimu wa siasa kuna sentensi moja hurudi huku kwetu: ati huko hospitalini wanageuza watoto wetu jinsia. Nimeisikia matangani, nimeisikia stendi ya bodaboda pale Malaba matrela yakiwa yamepanga foleni ya kuvuka. Mheshimiwa anaitamka, watu wanapiga makofi, halafu hotuba inahamia barabara na mbolea. Hakuna anayeinua mkono kuuliza: mtoto yupi? Hospitali gani? Nani alitia sahihi?

Na upande wa pili nao, wale wa semina za hotelini, wana sentensi yao moja: ni haki yao. Hapo pia hakuna anayeuliza mgonjwa aliambiwa nini kabla ya kutia sahihi, na siku akijuta aende wapi.

Sitataja mwanasiasa wala chama. Hata ukinitag mara kumi. Nataka tu tupitie historia ya hiyo sahihi, manake huku Amagoro tunaijua kuliko tunavyodhani.

Tuanze na kisu tunachokijua wenyewe.

Wateso kiasili hawatahiri. Majirani zetu Wabukusu wanatahiri, kila miaka ya namba shufwa, Agosti, na ng'ambo ya mpaka Wagisu wana msimu wao wa miaka hiyo hiyo. Mtu aliyekulia hapa katikati anajua neno omusinde, yaani asiyetahiriwa, na anajua linavyotamkwa. Si neno la kitabibu. Linamaanisha wewe bado mtoto, hata ukiwa na wajukuu. Msimu ukifika, kumewahi kuripotiwa visa vya wanaume kukamatwa njiani na kutahiriwa kwa nguvu katika sehemu za magharibi na Bonde la Ufa, na waathiriwa mara nyingi ni watu wa jamii zisizotahiri.

Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, kisu hicho kikawa silaha kabisa. Katika ghasia za baada ya uchaguzi, wanaume Wajaluo walitahiriwa kwa nguvu Naivasha na Nakuru, wengine wakakatwa viungo. Suala hilo likafika ICC. Januari 2012 majaji wa hatua ya awali wakasema vitendo hivyo vinaingia katika kundi la matendo mengine ya kinyama, si ukatili wa kingono, kwa hoja kwamba si kila tendo linalogusa sehemu za siri ni la kingono. Mawakili wa waathiriwa walitaka vinginevyo. Kesi zenyewe zilikwama baadaye na hazikuisha kwa hukumu. Lakini liweke akilini: taifa hili lilijadili, mbele ya dunia, maana ya kumbadilisha mtu mwili bila yeye kukubali.

Sasa geuza ukurasa. Mwaka uo huo wa 2008, mwezi wa Novemba, serikali ilizindua tohara ya hiari ya kitabibu. Sababu yake unaijua: utafiti wa Orange Farm kule Afrika Kusini mwaka 2005, kisha Kisumu ukiwa na vijana 2,784 na Rakai, Uganda, ukiwa na wanaume 4,996. Hizo mbili zilisimamishwa Desemba 2006 kabla ya muda kwa sababu matokeo yalikuwa wazi: tohara ilipunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa HIV na mwanamke kwa takriban nusu hadi asilimia 60. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo. Kenya ikaelekeza mpango wake Nyanza, na Teso ikawa miongoni mwa maeneo yaliyolengwa, kwa sababu ile ile iliyotufanya tuitwe majina: wengi hawakuwa wametahiriwa.

Tazama kilichotokea hapo. Operesheni ni ile ile. Kiungo ni kile kile. Kinachotenganisha uhalifu wa Naivasha na huduma ya afya ya hema la Amagoro ni neno moja: hiari. Kuna mtu alikuketisha, akakwambia faida, akakwambia hatari, akakwambia bado utatumia kondomu, akakwambia unaweza kuondoka sasa hivi na hakuna atakayekuuliza. Halafu ukatia sahihi. Aliye chini ya miaka 18, mzazi alitia sahihi na kijana mwenyewe naye akaulizwa.

Ndiyo, najua. Kulikuwa na vijana waliopelekwa na marafiki kwa sababu ya soda na nauli. Kulikuwa na aliyekwenda kwa sababu msichana alimcheka. Hiari ya binadamu huwa na matope kidogo. Lakini mpango wenyewe ulijifunza: mwanzoni ulipokea wavulana hata wa miaka 10, na kufikia 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza huduma hii ielekezwe kwa wa miaka 15 kwenda juu. Moja ya sababu ilikuwa usalama, manake wavulana wadogo walipata madhara mabaya zaidi. Sababu nyingine ilikuwa kwamba wa miaka 15 ana uwezo zaidi wa kuelewa na kukubali mwenyewe jambo lisilorudishwa.

Jambo lisilorudishwa. Shika hilo.

Neno ridhaa lenyewe, kwa maana ya leo, si la zamani sana. Madaktari wa kale waliamua, mgonjwa akafuata. Baada ya vita vya pili vya dunia, madaktari wa Kinazi walihukumiwa Nuremberg kwa majaribio waliyowafanyia wafungwa, na mwaka 1947 mahakama ile ikaandika kanuni kumi. Ya kwanza kabisa: ridhaa ya hiari ya binadamu ni ya lazima. Marekani walikuwa upande wa waendesha mashtaka, na wakati huo huo nyumbani kwao, Alabama, wanaume weusi 399 wenye kaswende walikuwa wanatazamwa tu na idara ya afya bila kuambiwa ukweli, tangu 1932. Waliendelea kutazamwa hadi 1972. Kanuni ukutani ni kitu kimoja. Mlangoni kwa daktari ni kingine.

Na hapa ndipo nataka kumleta David Reimer, kwa sababu kisa chake kinaunganisha tohara na hii habari ya jinsia kwa namna ambayo ukiisikia mara moja huisahau.

Alizaliwa Winnipeg, Canada, mwaka 1965, pacha. Akiwa na miezi minane alipelekwa kutahiriwa kwa sababu ya tatizo la kukojoa. Kifaa cha umeme kikamuunguza uume wote. Wazazi, vijana wadogo waliochanganyikiwa, wakampeleka kwa mwanasaikolojia John Money, Baltimore. Money aliamini mtoto mchanga ni kama ubao mtupu: ukimlea msichana atakuwa msichana. Kabla hajafika miaka miwili akaondolewa korodani, akapewa jina la kike, akavishwa magauni. Money akaandika katika vitabu kwamba jaribio lilifaulu. Madaktari dunia nzima wakasoma, na maandishi hayo yakasaidia kuhalalisha upasuaji kwa watoto wengine wengi waliozaliwa na viungo ambavyo daktari hakuvielewa.

Jaribio halikufaulu. Mtoto alipinga tangu utotoni. Akiwa na miaka 14 baba yake alimwambia ukweli, naye akaamua mara moja kuishi kama mwanamume. Mwaka 1997 watafiti wawili, Diamond na Sigmundson, wakachapisha ukweli wa kisa hicho. Mwaka 2004 Reimer alijiua. Alikuwa na miaka 38.

Nani alitia sahihi? Wazazi. Walipenda mtoto wao? Sana. Waliambiwa ukweli wote? La. Mtoto aliulizwa? La. Yote manne kwa pamoja, na ukiondoa moja hadithi inabadilika.

Watu wa pande zote mbili humtumia Reimer kama fimbo. Mmoja anasema: mnaona, jinsia haigeuzwi. Mwingine anasema: mnaona, mtu anajijua mwenyewe, usimlazimishe. Mimi nasema wote wameruka ukurasa wa kwanza, ule wa fomu.

Haya, turudi Kenya.

Mwaka 2009 alizaliwa mtoto Nairobi, katika hospitali kuu ya taifa, akiwa na viungo vya kiume na vya kike. Kwenye karatasi, pale pa kuandika jinsia, paliwekwa alama ya kuuliza. Sio mimi nasema kwa mfano. Alama ya kuuliza. Mama yake alikwenda mahakamani, na kesi ikajulikana kama ya Mtoto A. Alitaka mtoto atambuliwe, na alitaka watoto kama huyo wasipasuliwe ati kurekebishwa bila utaratibu na bila sababu ya kitabibu. Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola akatoa uamuzi: mtoto ana haki ya utu kama mwingine yeyote, serikali itafute njia ya kupata takwimu za watu hawa, na kunahitajika mwongozo wa kisheria. Mengine aliyoomba mama hakuyapata. Lakini mlango ulifunguka.

Watu hawa kwa Kiswahili tunawaita huntha. Sio wageni. Wakunga wa zamani waliwajua, na katika vijiji vingi walinyamaziwa, walifichwa, au wakafanyiwa mabaya zaidi ambayo sitaki kuandika hapa. Kabla ya Mtoto A kulikuwa na kesi ya mtu mzima, R.M., aliyefungwa Kamiti na wanaume huku akidhalilishwa kwa kuvuliwa nguo na kukaguliwa. Desemba 2010 mahakama ilimpa fidia ya shilingi 500,000 kwa kutendewa kinyama, lakini ikakataa kutambua jinsia ya tatu. Mwaka 2017 likaundwa jopokazi. Sensa ya 2019 ikawahesabu kwa mara ya kwanza: 1,524 nchi nzima. Namba ndogo, na ukitaka maoni yangu ni ndogo mno, kwa sababu karani wa sensa anakaa sebuleni, majirani wanasikiliza dirishani, na wewe unatarajiwa kutamka.

Ndipo ikaja Sheria ya Watoto ya 2022. Hebu niwasomee kwa maneno yangu kile kifungu cha 23, kwa sababu ndicho kilinifanya niandike uzi huu. Kinasema mtu asimfanyie mtoto mambo fulani. Orodha inaanza na tohara ya lazima kwa mvulana. Inafuata ukeketaji. Kuna ndoa za utotoni, kuna kupimwa ubikira. Na katika orodha hiyo hiyo: kubadilisha au kuondoa kiungo cha mtoto huntha, isipokuwa kwa ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki.

Mnaona? Bunge letu liliweka tohara ya nguvu na upasuaji wa huntha katika kifungu kimoja. Aliyeandika aliona kamba inayounganisha. Ni mwili wa mtoto, na hautarudi ulivyokuwa.

Kwa hivyo mheshimiwa akisema Kenya watoto wanageuzwa jinsia hospitalini, kuna chembe ya ukweli ndani yake, ila imepinduliwa kichwa chini. Waliokatwa bila kuulizwa hapa kwetu ni watoto huntha, na walikatwa ili waonekane wa kawaida. Hawakukatwa na wanaharakati. Walikatwa kwa sababu familia iliona aibu, au daktari alikuwa na haraka.

Na wale watu wazima wanaoomba wenyewe? Hapo hadithi ni kinyume kabisa.

Audrey Mbugua amejieleza hadharani kwa miaka mingi, kwa hivyo namtaja. Alifanya KCSE 2001 kwa jina la kiume na alama ya M kwenye cheti. Baadaye hospitali ya Mathari ikathibitisha hali yake na akawa katika matibabu. Hakuwa anaomba mahakama impe upasuaji. Aliomba cheti kinachomwezesha kupata kazi. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliamuru Baraza la Mitihani libadilishe jina na kuondoa alama ya jinsia, kwa sababu sheria ya mitihani haikuilazimisha iwepo. Akili ya kawaida tu: alama za hesabu ni zake, zilipatikana kwa kichwa chake.

Kenya haina sheria mahususi ya kumwongoza mtu mzima anayetaka matibabu ya kubadili jinsia. Hakuna marufuku ya wazi, hakuna njia ya wazi. Matokeo yake si kwamba watu hawatumii homoni. Matokeo ni kwamba anayenunua kimyakimya hana wa kumpima ini na damu, hana wa kumwambia kwamba huenda asipate mtoto tena, na hana fomu. Ukipenda au usipende jambo lenyewe, hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa habari ya ridhaa. Mtu anayejificha hapati maelezo.

Ng'ambo ya daraja hapa, Uganda, sheria ya kusajili watu ya 2015 inaruhusu mtoto aliyezaliwa huntha kubadilishiwa jinsia kwenye rejista kwa uthibitisho wa daktari. Haisemi chochote kwa mtu mzima. Julius Kaggwa, aliyeandika kitabu kuhusu maisha yake mwaka 1997, ndiye aliyeanzisha Kampala shirika la kusaidia familia za namna hii. Watu wa mpakani wanaotafuta msaada huvuka kwenda pande zote mbili, kama tunavyovuka na mahindi.

Sasa majuto. Najua ndiyo mnayongojea.

Watu huuliza: je, hawajuti? Jibu la kweli ni kwamba wengine hujuta. Sweden imekuwa na sheria ya mambo haya tangu 1972, kwa hivyo rekodi zao ni ndefu. Kati ya 1960 na 2010, watu 681 walibadilishiwa jinsia kisheria na kufanyiwa upasuaji, na 15 waliomba kurudishwa. Hiyo ni asilimia 2.2. Kliniki ya Amsterdam ilichunguza rekodi za watu 6,793 kuanzia 1972 hadi 2015, na kati ya walioondolewa tezi za uzazi, waliorudi kusema wamejuta hawakufika asilimia moja.

Namba ndogo. Lakini usikimbie nazo jukwaani. Kliniki inahesabu anayerudi kliniki. Pale Amsterdam wengi walikuwa wameacha kuhudhuria. Na utafiti mmoja wa 2021 uliowauliza watu 100 walioacha mabadiliko ulikuta ni asilimia 24 tu waliomwambia daktari wao. Aliyejuta haoni raha kurudi kwa yule yule aliyempa dawa, ni kama mtu kurudi kwa kinyozi aliyemharibu. Zaidi ya hapo, majuto ya upasuaji huchelewa: pale Amsterdam yalichukua, kwa wastani, zaidi ya miaka kumi kujitokeza. Na wengi wa rekodi hizo ni watu wazima wa zamani, waliopimwa kwa miaka kabla ya kukubaliwa. Vijana wa leo ni kundi jingine.

Ndiyo maana Uingereza wamezozana sana. Keira Bell alianza dawa za kuzuia kubalehe akiwa na miaka 16, testosteroni 17, akaondolewa matiti akiwa na 20, kisha akajuta na kwenda mahakamani. Desemba 2020 Mahakama Kuu ya London ikasema ni vigumu sana mtoto wa chini ya miaka 16 kuelewa na kuridhia dawa hizo. Septemba 2021 Mahakama ya Rufaa ikabatilisha: ikasema hilo ni la kuamuliwa na daktari na mgonjwa mmoja mmoja, kama ilivyokuwa tangu kesi ya Gillick ya 1985, isiyohusu jinsia bali vidonge vya kupanga uzazi. Aprili 2024 ikaja ripoti ya Dkt. Hilary Cass, ikisema ushahidi wa dawa hizo kwa watoto ni dhaifu na tahadhari inahitajika, na serikali ikazizuia nje ya utafiti. Marekani, Juni 2025, Mahakama ya Juu iliruhusu jimbo la Tennessee kuendelea na marufuku yake kwa watoto. Nchi nyingine zinaendelea kuruhusu. Madaktari wenye nia njema hawakubaliani, na anayekwambia jambo limekwisha, la huku au la kule, anakuuzia kitu.

Halafu kuna majuto ambayo hayahesabiwi. Sweden hiyo hiyo ililazimisha mtu afungwe uzazi kwanza ndipo ibadilishe jinsia kwenye kitambulisho. Ilifanya hivyo hadi 2013. Mwaka 2018 serikali ikaanza kulipa fidia, kronor 225,000 kwa kila mmoja. Hao nao walitia sahihi fomu. Walitia kwa sababu bila hiyo hawapati kitambulisho.

Hapa kwetu tunalo letu la namna hiyo, na ndilo linaloniuma zaidi. Wanawake wanaoishi na HIV walifungwa mirija ya uzazi bila kuelewa. Wengine walipewa karatasi wakiwa tayari kwenye uchungu. Wengine waliambiwa msaada wa maziwa ya mtoto unategemea hilo. Mwaka 2012 simulizi zao zilichapishwa, mwaka 2014 wakaenda mahakamani, na Desemba 2022, baada ya miaka minane ya kesi, Mahakama Kuu Nairobi ikakubali kwamba haki za mmoja wao zilivunjwa. Mwanamke huyo alipewa shilingi milioni tatu. Karatasi ilikuwepo, wadau. Ridhaa haikuwepo.

Mahakama ya Rufaa ya Mombasa ilisema jambo la jamaa moja Machi 2018, katika kesi ya wanaume wawili waliokamatwa Ukunda mwaka 2015 na kuchunguzwa sehemu za siri. Mahakama Kuu ilikuwa imesema walikubali. Ya Rufaa ikauliza: mtu aliye mikononi mwa polisi anakataaje? Na Agosti 2025 Mahakama Kuu Eldoret ikampa fidia mtu aliyebadili jinsia ambaye alichunguzwa mwili akiwa kizuizini.

Sasa hapa ndipo nina neno langu, na mnaweza kulipinga. Mjadala wetu unachanganya vitu viwili. Ridhaa ni habari ya jana: ulijua nini, ulikuwa huru kiasi gani siku ile ulipotia sahihi. Majuto ni habari ya leo: unajisikiaje sasa. Mtu anaweza kuridhia kikamilifu na bado akajuta, kama ilivyo kwa waliofunga kizazi kwa hiari kisha wakaolewa upya. Na mtu anaweza kulazimishwa na asijute. Huku kwetu wapo wazee waliokamatwa na kutahiriwa kwa nguvu ujanani, na leo wanalisimulia wakicheka kwenye busaa. Kicheko chao hakifanyi kile kitendo kiwe halali. Kwa hiyo asilimia ndogo ya majuto haitoshi kuthibitisha kwamba kliniki fulani inafanya kazi vizuri, na mtu mmoja aliyejuta hatoshi kuthibitisha kwamba wote walidanganywa. Lazima uende kwenye fomu yenyewe, na kwa aliyekuwa anaieleza.

Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8 na cha 9, imeshaandika mtoa huduma aeleze nini: hali yako, njia zote za matibabu zilizopo, faida, hatari, gharama, na haki yako ya kukataa. Aeleze kwa lugha unayoielewa na kwa kiwango cha elimu yako. Hebu kumbuka mara ya mwisho ulipopeleka mama au mtoto theatre. Mimi nakumbuka yangu, hospitali sitaitaja. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, nesi akaonyesha kwa kidole mahali pa mistari ya nukta: hapa na hapa. Mama yangu anaongea Kiteso na Kiswahili cha soko. Alitia dole gumba. Operesheni ilikwenda sawa, tulishukuru Mungu, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia anakatwa nini. Alijua baada ya wiki moja, nilipomsomea ile karatasi ya kutolewa.

Mmoja atauliza hapa chini: kwa hivyo mtoto huntha akizaliwa leo Amagoro, inakuwaje? Kama kuna hatari ya maisha, mathalani hawezi kukojoa au homoni zake zinapoteza chumvi mwilini, atatibiwa haraka na ndivyo inavyopaswa. Kama ni sura tu ya viungo, sheria inasema hakuna kisu bila ushauri wa bingwa wa jenetiki, na mabingwa hao nchini ni wachache mno. Maana yake ni safari ya Eldoret au Nairobi, na mama aliyejifungua juzi, na nauli. Na kifungu kile, nimekisoma mara nyingi, kinamtaja daktari huyo. Hakisemi mtoto mwenyewe aulizwe, wala akiwa na umri gani.

Maswali yaweke hapo chini, nitajibu kesho nikitoka shamba. Matusi nitayaacha tu.